Walinzi Wawili wa Nthenya, Mponda Kokoto

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Umande bado umelala juu ya mawe, na Nthenya Kitheka anafungua kikopo chake cha uji kabla hajagusa nyundo. Anakunywa mafunda matatu. Anafungua fundo kwenye pembe ya leso, anatoa tembe moja nyeupe, anaimeza, kisha anatulia kidogo kama mtu anayesikiliza kama kuna mtu mlangoni.

Halafu anakaa juu ya gunia lake, anaweka jiwe ndani ya pete aliyoikata kutoka gurudumu kuukuu, na kugonga. Pete ile hulizuia jiwe lisiruke. Kidole kilichopondwa hakina dawa, anasema.

Wenzake wanafika mmoja mmoja, leso zimefungwa viunoni, sufuria za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, zikining'inia mikononi. Ni wanawake kumi na wanne wanaoponda kokoto chini ya kilima hiki, mwendo mfupi kutoka soko la Muthetheni. Nyundo zinapoanza kuitikiana, Nthenya anapaaza sauti.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina walinzi wawili, kila mmoja amekaa juu ya haragwe. Nikiwalisha, wanalala. Nikiwanyima ghafla, nakufa mimi."

"Ni waume!" anajibu mmoja. "Mume ukimlisha si analala?"

"Wangu nilimlisha akahama," Nthenya anamjibu, na kicheko kinapita kwenye mstari wote. "Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Kangundo!"

"Kangundo ni milima mitupu. Magoti yangu yamekataa."

"Chukua Mombasa!"

"Joto."

"Basi chukua Nairobi yote!"

"Nairobi wabaki nayo wenyewe."

"Ala! Kwani unataka mji gani, Mama Mutinda?"

"Ninaoutaka sijapewa," anasema Nthenya, na nyundo yake inashuka.

Mwisho wa mstari, juu ya jiwe bapa, kuna msichana wa miaka ishirini na minne aliyejifunga kitambaa cha manjano. Hakucheka. Hakutaja mji. Amempa Nthenya mgongo tangu alipofika, na atampa mgongo huo mpaka jua litue. Jina lake Kalondu. Jiwe analokalia lilikuwa la mama yake, Kaluki, na Kaluki alianguka hapa, juu ya rundo la Nthenya, akafa siku hiyo hiyo.

Uelewe kwanza jinsi kazi hii inavyokwenda, ndipo utaelewa kifo kile.

Mwanamke mmoja akiponda peke yake, lori moja la kokoto humchukua wiki tatu, na mwenye lori hangoji wiki tatu. Kwa hiyo akina mama hawa waliuchukua mwethya, ule ushirika wa Wakamba wa kulimiana mashamba na kuchimbiana matuta, wakauleta kwenye mawe. Leo wote wanapondea rundo la huyu, kesho la yule. Kila mmoja ana zamu yake. Lori likijaa, mwenye zamu anapata kama shilingi elfu nne, ndiyo karo, ndiyo unga, ndiyo mafuta ya taa.

Sheria ni moja, haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua: asiyekuja kwenye rundo la mwenzake, lake halipondwi. Na mwenye rundo naye awepo. Mgonjwa haulizwi ni nini kinachomuuma. Anaulizwa nyundo yake iko wapi.

"Hapo ndipo dawa iliingilia," anasema Nthenya, mwenye miaka hamsini na mitatu. "Mtu hawezi kukosa, na mwili umekataa. Utafanya nini?"

Alianza kuponda mwaka 2009, mumewe alipokwenda kutafuta kazi na kazi ikampata mwanamke mwingine. Mwaka wa kumi, mabega na magoti yakagoma. Asubuhi alikuwa akishikilia mlango ili asimame. Ndipo akaambiwa kuna mtu sokoni, anaitwa Ndunda, huja siku za soko na begi jeusi.

Ndunda si daktari, ingawa hukataa pole pole sana ukimwita hivyo. Alimfungia tembe kwenye karatasi ya daftari, ndogondogo, nyeupe, bila jina. Moja asubuhi, moja jioni.

"Siku ya tatu nilikimbia," Nthenya anakumbuka. "Nasema nilikimbia, mimi huyu, nikifukuza mbuzi! Nikasema Mungu ameniona."

Furaha haina siri. Alimwambia Kaluki, jirani yake, mwenzake wa kuchota maji, mtu waliyeazimana chumvi kwa miaka ishirini. Alimshika mkono akampeleka kwa Ndunda yeye mwenyewe. Analirudia jambo hilo mara nne katika mazungumzo yetu, kama mtu anayebonyeza jipu ajue kama bado linauma.

"Mimi ndiye nilimpeleka. Andika hivyo. Usiandike alienda."

Baada ya mwaka mmoja nyuso zao zilikuwa mviringo kama sahani. Mashavu yalijaa, shingo nyuma ikapata nundu, tumbo likatangulia mbele. Kanisani watu waliwasifu. Mmenenepa, mmependeza, kokoto zinalipa siku hizi! Hakuna aliyeangalia miguu, iliyokuwa ikikonda kama vijiti vya kiberiti. Hakuna aliyeuliza mbona ukimgusa Kaluki mkono unabaki na alama ya zambarau kama zambarau yenyewe.

Miaka minne wakameza.

Mwezi wa tatu, mwaka 2023, Nthenya alikuwa akichambua maharagwe huku redio ikiongea. Mtu fulani alisema kuna tembe za maumivu zinazouzwa sokoni bila jina, ni za aina ya steroidi, nazo zinakula mifupa, zinaleta sukari, zinaharibu mwili. Aliyekuwa akiongea huenda alisema na mengine. Nthenya hakuyasikia. Alikuwa ameshainuka.

Alizikusanya tembe zake zote akazitupa chooni. Kisha akatembea mpaka kwa Kaluki.

"Nilimwambia, mwendwa, tunakula sumu. Tupa yote, leo leo. Akaniuliza, 'Na Ijumaa ni zamu yako, nitapondaje?' Nikamwambia Mungu atatoa nguvu. Nilisimama pale chooni mpaka akatupa. Nilihakikisha."

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatano wote wawili walikuwa hoi. Mwili umelegea kama nguo iliyotoka kwenye maji, tumbo linasokota, chakula hakikai, ukisimama dunia inazunguka. Wala hawakuogopa. Walifurahi!

"Tulidhani ni sumu inatoka," anasema. "Yeye akitapika, mimi namwambia, 'Toa, toa, mwili unajisafisha.' Mimi nikitapika, ananiambia hivyo hivyo. Tulikuwa tunacheka. Yaani tulicheka."

Alhamisi Kaluki akapata na homa. Ijumaa asubuhi, binti yake Kalondu alimsihi alale. Kaluki alijifunga leso mbili akasema hawezi kukosa rundo la Nthenya, kwani na lake lilikuwa Jumatatu. Akaja. Akaponda. Saa tano aliomba maji, akatapika maji. Saa sita akasema, "Nthenya, mbona kumekuwa giza?" na jua lilikuwa utosini.

Akalala pole pole juu ya kokoto, kama anayejinyoosha mgongo. Walimbeba kwa pikipiki, katikati ya watu wawili. Hawakufika.

Kijijini walisema ni malaria. Wengine wakasema ni mkono wa mtu. Nthenya aliliona jeneza likishuka, naye akaanguka kando ya kaburi lile lile. Ni mwanawe Mutinda, anayeishi Mumbuni, aliyemwingiza kwenye gari akampeleka hospitali mjini Machakos akidhani ni majonzi.

Aliyempokea ni afisa wa kliniki, Levi Musili. Alimpima presha, ikawa chini mno. Sukari chini. Kisha akautazama uso wake wa mviringo na miguu yake myembamba, akauliza swali moja tu.

"Mama, kuna tembe yoyote ulikuwa unameza, ukaacha juzi?"

Mutinda alisema hapana. Nthenya aliinua kidole, kimoja, kwa shida.

Wakamchoma sindano na kumtundikia maji. Jioni ile ile aliomba ugali. Hapo ndipo pigo la pili lilipomfikia, na hili halina sindano. Alimuuliza Levi kama ile dawa ya sindano ni ghali sana, ni ya kutoka ng'ambo. Levi akamwambia hapana, mama, tunayo kila siku.

"Chupa ndogo hivi," anaonyesha Nthenya, na vidole vyake viwili vinakaribiana. "Ndogo hivi, na Kaluki ako chini ya udongo."

Sasa kile kitendawili. Walinzi wawili walioketi juu ya maharagwe ni tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, kila moja juu ya figo lake. Wataalamu huziita tezi za adrenali. Nthenya mwenyewe hukueleza kwa kuchomoa haragwe kwenye sufuria yake ya muthokoi na kuweka punje ya mchanga juu yake.

Tezi hizo hutengeneza homoni iitwayo kotisoli. Hiyo ndiyo inayokuinua asubuhi, na ndiyo mwili unayoitegemea siku ya taabu: homa ikija, jeraha likija, kazi ngumu au msiba ukija, tezi huongeza homoni hiyo ili presha isishuke na sukari isiishe kwenye damu. Lakini hazijiamulii. Kuna tezi nyingine chini ya ubongo inayozituma. Ubongo hupima kotisoli iliyo mwilini. Ikipungua, hutuma mjumbe, na ikitosha, mjumbe hatumwi.

Tembe za Ndunda zilikuwa kotisoli ya kuletwa, tena kali mara nyingi kuliko ya mwili wenyewe. Levi anaeleza hivi:

"Ubongo ukiona homoni imejaa, unanyamaza. Hautumi mjumbe tena. Tezi zikikaa bila kutumwa miezi na miaka, zinasinyaa. Nilimwambia Mama Nthenya hivi: fikiria lori linakuletea kokoto zilizopondwa na mashine kila asubuhi bure. Utainua nyundo? Mkono utalegea. Sasa siku moja lori halikuja, na siku hiyo hiyo anayejenga anataka kokoto mara kumi. Nani ataponda?"

Kwa hiyo redio haikudanganya. Tembe zile zilikuwa zikiwaharibu kweli. Ila aliyezila miaka minne hawezi kuzitupa siku moja. Hupunguziwa na daktari kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, mpaka walinzi waamke. Na akipata homa kabla hawajaamka, dozi huongezwa. Akitapika, hukimbizwa hospitali kwa sindano.

"Steroidi zenyewe si adui," Levi anasema. "Kuna wagonjwa wa pumu wanaishi kwa sababu yake. Adui ni kuuziwa kitu usichokijua, na kuacha peke yako."

Nthenya yuko kwenye safari hiyo ya kupunguza mwaka wa tatu sasa. Kila baada ya miezi mitatu hulala kwa Mutinda kule Mumbuni, ili saa mbili asubuhi awe ametolewa damu kabla ya kumeza tembe ya siku hiyo, kwa maana asubuhi ndipo walinzi walio hai hupiga kelele zaidi. Mara zote za mwanzo jibu lilikuwa lile lile: wamelala fofofo. Mara ya mwisho, Levi alisema ni kama wameanza kufungua jicho. Huenda wasiamke kabisa. Ameshaambiwa.

Shingoni, ndani ya blauzi, ana kadi iliyofungwa kwa nailoni. Imeandikwa kuwa anatumia steroidi na asinyimwe. Tembe za hospitali ni za bei nafuu, lakini zikikosekana kule, duka la dawa la mjini humtoza mia tatu kwa mwezi, na nauli juu. Yeye hupata kama elfu nane kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri.

Uso umepungua. Watu wale wale wa kanisani sasa wanamuuliza kama anaumwa.

Na Ndunda? Alihamisha begi lake soko moja mbele, akakaa miezi sita, akarudi. Nilimkuta siku ya soko akifunga karatasi zake kwa utaratibu mzuri tu.

"Mama, mimi sijawahi kumshika mtu mdomo," alisema. "Watu wako na maumivu, mimi niko na dawa. Hospitali wanapewa nini? Wanaambiwa wapumzike. Wewe mwambie mponda kokoto apumzike, uone kama hatakupiga na hiyo nyundo."

Uchungu wa maneno hayo ni kwamba nusu yake ni kweli. Kati ya wanawake kumi na wanne wa kilima hiki, Nthenya anahesabu saba wanaozimeza tembe hizo hata sasa. Hahitaji kuwauliza. Anaangalia mashavu.

Tangu mwezi wa pili mwaka huu, mashavu anayoyaangalia zaidi ni ya Kalondu.

Kalondu alikuwa akimwita Nthenya mwaitu, yaani mama, tangu alipojua kusema. Siku ya mazishi aliacha. Zamu ya Nthenya ikifika, anakuja, anaponda bila kutegea, anaondoka. Nilimfuata alipokwenda kunywa maji.

"Siongei na huyo," alisema. "Lakini mwethya si wa mtu mmoja. Zamu yake nakuja."

Nilimuuliza kuhusu tembe. Hakuficha.

"Bega linaniuma tangu mwaka juzi. Nazimeza, ndiyo. Na nikwambie kitu. Mama alikuwa anazimeza, alikuwa mzima. Siku huyo alimwambia aache, hakumaliza wiki. Sasa unataka niache?"

Alikuwa amelisoma funzo la kifo cha mama yake, akalishika upande wa makali.

Hilo ndilo linalomnyima Nthenya usingizi. Akimwambia Kalondu aendelee, anamzika polepole. Akimwambia aache, anarudia maneno yale yale yaliyomuua Kaluki, na safari hii hayataaminiwa, au yataaminiwa vibaya. Njia iko katikati, ni nyembamba, inapitia kliniki mjini Machakos kila Alhamisi, na mtu pekee anayeijua ni yule aliyepoteza haki ya kuionyesha.

Amejaribu. Alimtuma mchungaji, Kalondu akampa mchungaji chai na kumsindikiza. Alimwomba Levi, naye akasema mlete tu, nitaanza naye hata kama hana kadi ya hospitali. Wiki iliyopita aliweka namba ya simu ya Levi chini ya jiwe bapa. Kesho yake aliikuta imewekwa juu ya gunia lake, imekunjwa vizuri.

Kisha kuna sheria. Alhamisi hii ni zamu ya Kalondu. Akienda kliniki, rundo lake halipondwi, na lori lake linaondoka tupu.

Saa saba, sufuria zikiwa zimefunguliwa, Nthenya anasimama. Magoti yanalia. Anasema ana neno kuhusu Alhamisi, kwamba yuko tayari kutoa zamu yake ya Jumanne kwa mtu ambaye Alhamisi atakuwa na safari. Hamtaji mtu.

"Zamu haitolewi," anasema mmoja. "Mwenye rundo awe kwenye rundo. Hiyo tuliweka sisi sote."

"Tuliweka," anasema Loise, mwenyekiti wao, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Anaweka kijiko chini. "Na Kaluki aliifuata. Mimi nilimwona ile Ijumaa, macho yamezama, nikamwambia sogeza gunia lako hapa kwenye kivuli. Sikumwambia nenda nyumbani. Ningemwambia, angeniuliza ni nani atampondea Jumatatu, na sikuwa na jibu."

Nzi wanatembea kwenye vifuniko.

"Mkitaka, msije," Loise anasema. "Alhamisi nitaponda rundo la Kalondu, awepo asiwepo. Nitaponda peke yangu mpaka nife, mnizike na pete yangu ya gurudumu."

"Wewe nawe na vitisho," anasema mmoja. "Nani alisema hatutakuja?"

"Pete ni yangu, uliniazima," anasema mwingine, na wanacheka, kicheko kifupi.

Kalondu anaosha sufuria yake. Hajageuka. Maji yamekwisha na bado anaosha.

Nyundo zinarudi kazini. Nthenya anaponda akiwa ameinamisha kichwa, tembe ya leo ikiwa imeanza kuisha nguvu mwilini, uso umepauka kwa vumbi. Ananiambia matumaini yake kwa sauti ya chini, kama anayemnong'oneza jiwe. Hatamani kusamehewa, hilo ameliacha kwa Mungu. Anatamani wanawake saba watolewe damu saa mbili asubuhi. Anatamani sheria ya mgonjwa iandikwe kwenye daftari la Loise, kwamba rundo la anayeumwa litapondwa. Na walinzi wake, wakitaka kuamka waamke, wakikataa atawalisha hadi kaburini.

"Sasa imebaki nini?" namuuliza.

"Sijapewa mji," anasema.

Ni hapo sauti inapotoka mwisho wa mstari, kavu, bila mgongo kugeuka.

"Mama Mutinda."

Nyundo zote zinasimama. Miaka miwili na zaidi Kalondu hajamwita kwa jina lolote.

"Chukua Machakos," anasema Kalondu. "Alhamisi, gari la kwanza. Lakini mimi nitakaa mbele, wewe ukae nyuma, na usiniongeleshe njiani."

Desturi ni kwamba aliyepewa mji huufurahia, hutembea barabara zake na kutaja atakaowatembelea, ndipo atoe jibu. Nthenya anachukua jiwe lingine, analiweka ndani ya pete, analishika kwa mkono wa kushoto mpaka litulie.

Hakuitwa mwaitu. Amelisikia hilo pia.

Anagonga.